Mkienda kula Kijapani mkiwa wengi, tafuteni meza yenye moto

Ukitaja chakula cha Kijapani, wengi wanawaza sushi moja kwa moja. Sushi ya kaunta ni chakula cha heshima, hakuna anayebisha, ila hakiwafai watu sita wanaotaka kupiga soga. Kaunta nyingi zina viti vinane au kumi hivi. Mnakaa kwa mstari, mpishi anamwekea kila mtu kipande kimoja kimoja, na kipande hicho kinatakiwa kuliwa papo hapo kabla wali haujapoa. Aliyekaa mwanzo hasikii anachosema aliyekaa mwisho. Sushi ya mkanda unaozunguka, ambayo Yoshiaki Shiraishi aliianzisha Higashi-Osaka mwaka 1958, inawafaa zaidi wenye watoto kwa kuwa siku hizi kuna meza za kukaa wanne hadi sita, lakini hata pale kila mmoja anakula sahani yake.

Wajapani wakitoka na marafiki, mara nyingi wanakwenda penye bamba la chuma la moto, chanja ya mkaa, au chungu kinachochemka katikati ya meza. Mgahawa unaleta vitu vibichi vilivyokatwa vizuri, na kuanzia hapo walaji ndio wapishi. Mazungumzo hayakauki maana mikono ina shughuli, na yule aliyekuja bila kumjua mtu anapata la kufanya tangu dakika ya kwanza. Kwangu mimi hapo ndipo chakula cha Kijapani kinapoonyesha ukarimu wake wote, na inaniuma nikiona wageni wanarudi makwao bila kukaa kwenye meza ya namna hiyo hata mara moja.

Kabla ya kuagiza chochote, mteueni mtu mmoja wa kusimamia moto. Hili si pambo. Watu wanne wakigeuza nyama ile ile kila mmoja kwa wakati wake, inakauka bila kushika rangi. Watu wanne wakingojeana, inaungua. Wajapani wana jina la utani kwa msimamizi wa chungu, nabe bugyo, yaani hakimu wa chungu. Wanalitaja kwa kumtania, lakini wanajua thamani yake. Yeye ndiye anayepunguza gesi, anayesema hiki tayari, hiki bado. Wengine wanamimina vinywaji na kula.

Idadi nzuri ni wanne, kwa sababu meza nyingi zimetengenezwa kwa watu wanne na moto mmoja. Mkiwa sita au wanane mtagawanywa, basi gawaneni wenyewe kabla ya kuingia, na kila meza iwe na msimamizi wake.

Tuanze na bamba. Okonomiyaki ya Osaka ni kama chapati nene ya kabichi, na kwenye migahawa mingi unaletewa bakuli lenye vitu vyote vibichi ili uchanganye na kupika mwenyewe. Vipimo vyake, kwa vipande viwili, ni hivi: unga wa ngano gramu 100, supu ya dashi mililita 100 hadi 120, mayai mawili, kabichi gramu 300, na gramu 50 hivi za nagaimo iliyokunwa, ambacho ni kiazi cha jamii ya kiazi kikuu chenye utelezi mwingi. Dashi ni maji yaliyochemshiwa mwani wa kombu na samaki mkavu wa jamii ya jodari aliyeparwa vipande vyembamba. Juu ya hivyo kuna punje za unga uliokaangwa na tangawizi nyekundu ya siki. Tazama uwiano: kabichi ni mara tatu ya unga. Unga kazi yake ni kushikilia tu. Anayeongeza unga ili kipande kisivunjike anaishia na mkate mzito usioiva katikati.

Kabichi ikatwe vipande vidogo vya nusu sentimita hadi sentimita moja, na iwe kavu. Maji yaliyobaki kwenye majani yanalegeza uji wote. Changanya unga, dashi na nagaimo kwanza, acha vitulie. Kabichi na yai vinaingia dakika ya mwisho, wakati bamba limeshapata moto, kwa sababu kabichi ikikaa ndani ya uji inatoa maji yake. Ukishaitia, koroga kwa kuinua kutoka chini kwenda juu, mara kumi hadi kumi na tano, ili hewa iingie. Ukikoroga kama unakanda unga wa chapati, hewa inatoka, unga unavutika, na kipande kinakuwa kigumu.

Bamba liwe na joto la nyuzi 200 hivi. Huna kipimo? Dondosha maji: matone yakikimbia juu ya chuma, liko tayari, yakitulia na kuchemka polepole, subiri. Paka mafuta kidogo, mwaga uji, utandaze uwe duara la sentimita 15 hadi 18 na unene wa sentimita mbili. Hapo hapo panga vipande vyembamba vya nyama juu yake. Kwa Wajapani ni nyama ya nguruwe ya tumboni. Ukitaka, agiza ya kamba, ngisi au jibini. Sasa ondoa mikono. Dakika nne au tano hakuna cha kugusa. Ukingo ukibadilika rangi na kipande kikiteleza chenyewe ukikisukuma kwa mwiko, ndipo unageuza, kwa miko miwili, kwa mwendo mmoja usio na woga. Anayesita nusu njia ndiye anayekivunja.

Baada ya kugeuza, watu wanashawishika kukikandamiza kwa mwiko ili kiive haraka. Usikandamize. Ile hewa uliyoihangaikia inatoka yote, mvuke unaoivisha kabichi kwa ndani unapotea, na unabaki na kitu bapa kama kadibodi. Kipe dakika tano upande wa pili, kigeuze tena kwa dakika moja au mbili, halafu paka mchuzi mzito mweusi wenye utamu, mayonezi, unga wa mwani wa kijani na vipande vya samaki mkavu vinavyochezacheza kwa joto. Punguza gesi kabla ya kupaka. Mchuzi huo una sukari nyingi. Ukitiririka kwenye bamba kali unaungua na uchungu wake unashika kila kitakachofuata. Osaka wanakata miraba kwa mwiko mdogo wa chuma na wengi wanakula moja kwa moja kutoka kwenye bamba, bila sahani.

Ukiwa Dar, Mombasa au Muscat na huna nagaimo, tia nusu kijiko cha chai cha beking pauda kwenye unga. Usijaribu kukuna kiazi kikuu cha sokoni kikiwa kibichi: nagaimo inaliwa mbichi, lakini viazi vikuu vingi vya kwetu vinahitaji kupikwa hasa, na baadhi ya aina vina sumu vikiwa vibichi.

Ya Hiroshima ni habari nyingine, na kosa la kwanza ni kudhani utaipika mwenyewe. Pale mpishi anajenga tabaka mbele yako na wewe unakaa ukitazama. Unaanza uji mwembamba kama chapati ya maji, unanyunyiziwa unga wa samaki, kisha mlima wa kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, machipukizi ya choroko, nyama, halafu vyote vinapinduliwa ili kabichi iive kwa mvuke wake chini ya kile kifuniko cha unga. Pembeni tambi zinakaangwa, zinawekwa chini, na mwisho yai linapasuliwa na kutandazwa. Mlima wenye urefu wa kiganja unashuka hadi vidole vitatu. Inachukua robo saa au zaidi, haiwezi kuharakishwa, kwa hiyo msiende mkiwa na treni ya kukimbilia. Katikati ya mji kuna jengo liitwalo Okonomimura lenye vibanda zaidi ya ishirini vya chakula hicho hicho, ghorofa juu ya ghorofa. Kila kibanda kina kaunta ndogo inayozunguka bamba. Watatu au wanne mnakaa vizuri, kumi hamwezi.

Na Tokyo kuna monjayaki, ambayo mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani imeharibika. Mahali pake ni Tsukishima, mtaa uliojaa migahawa ya chakula hicho kimoja. Monja ni majimaji: unga gramu 25 tu kwa karibu mililita 300 za dashi iliyotiwa mchuzi wa Worcestershire. Unatoa kabichi na vitu vingine kwenye bakuli kwanza, unavikaanga na kuvikatakata kwa miko miwili mpaka kabichi ilegee na kutoa unyevu. Halafu unaipanga kuwa pete, tundu likiwa katikati. Uji unamwagwa ndani ya tundu, si wote, theluthi kwanza. Hapa ndipo meza nyingi zinapofeli: kabichi haijalegea, pete ina mianya, uji unapenya na kukimbilia ukingoni. Ikitokea, usifukuzane nao. Ukwangue haraka urudishe katikati. Ukishaanza kuwa mzito na kutoa mapovu, ongeza uliobaki, kisha changanya vyote na kutandaza vyembamba.

Kuila kunataka uvumilivu. Kila mtu ana mwiko wake mdogo, mwembamba kama ulimi. Unakata kipande cha ukingoni, unakikandamiza kwenye chuma kwa sekunde chache mpaka chini kishike ukoko, kisha unakila kutoka kwenye mwiko. Ule ukoko ndio utamu wenyewe. Gesi iwe chini kabisa muda wote huo, maana kundi likinogewa na hadithi, bamba halingojei.

Kwa usiku wa baridi, chungu kinashinda vyote. Shabu-shabu, yaani nyama nyembamba inayopitishwa kwenye maji ya moto, ni cha siku za karibuni; jina lenyewe lilitolewa na mgahawa Suehiro wa Osaka mwaka 1952. Kinachohitajika ni maji, kipande cha kombu gramu 10 kwa kila lita, na nyama iliyokatwa nyembamba mno, milimita mbili au chini. Loweka kombu nusu saa kwenye maji baridi, washa moto mdogo, na uitoe vijipovu vinapoanza kupanda, kabla maji hayajachemka. Ikichemka pamoja na maji, supu inapata utelezi na uchungu. Ladha ile nono isiyo chumvi wala sukari inatokana na glutameti iliyomo kwenye mwani huo. Mwanakemia Kikunae Ikeda ndiye aliyeitambua mwaka 1908 na kuiita umami.

Nyama hesabu gramu 150 hadi 200 kwa mtu. Maji yawe ya moto yasiyotokota, kama nyuzi 80. Kamata kipande kwa vijiti, kipitishe majini kushoto kulia mara kadhaa, na mara rangi nyekundu inapogeuka waridi kama ni ya ng'ombe, kitoe. Ya nguruwe na ya kuku lazima iive kabisa, hakuna waridi. Kosa linalofanywa na karibu kila kundi lenye njaa ni kumimina sahani nzima ya nyama kwa pamoja. Joto la maji linashuka, nyama inakaa muda mrefu, inakuwa ngumu, na povu la kijivu linafunika chungu. Mtu na kipande chake, basi. Povu likitokea, msimamizi analiengua kwa kijiko cha wavu na kukisuuza kwenye bakuli la maji; lisipoondolewa, harufu ya damu inabaki hadi mwisho.

Mboga zina zamu yake. Baada ya vipande vichache vya nyama kuipa supu nguvu, tieni vigumu: figili nyeupe, karoti, uyoga, sehemu nyeupe ya kabichi ya Kichina. Tofu, yaani jibini laini la soya, inafuata. Majani laini yanaingia mwisho, sekunde chache tu. Kuna michuzi miwili: wa ponzu, wenye ndimu na soya, na wa ufuta. Ponzu ina chumvi na ukali unaokata mafuta, kwa hiyo vya mafuta vichovye humo. Mboga na nyama isiyo na mafuta vinapendezwa na ufuta. Mchuzi ukishajaa maji ya kwenye chungu, badilisha. Wengi wanaendelea kuchovya kwenye maji yasiyo na ladha, kisha wanalalamika chakula kilipoa utamu.

Tafadhali msiondoke kabla ya kumalizia. Supu iliyobaki imebeba kila kitu kilichopita humo. Enguweni povu la mwisho, tieni tambi za udon, au wali uliosuuzwa kwa maji kuondoa utelezi, uchemke dakika tatu, mmwage yai lililopigwa, mfunike na kuzima. Wali wa mwisho huo unaitwa zosui, na mimi ningeacha nyama nusu sahani ili nipate nafasi yake.

Ndugu yake mkubwa ni sukiyaki, nyama ya ng'ombe inayopikwa kwa soya na sukari, na huyu ana historia ndefu kidogo. Kwa karne nyingi nyama ya wanyama wa miguu minne ilikatazwa au kuepukwa Japani. Amri ya kwanza inayojulikana ni ya Mfalme Tenmu, mwaka 675. Mwaka 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, na vyungu vya nyama vikaenea Tokyo. Mpaka leo kuna njia mbili. Upande wa Tokyo wanatangulia kuchanganya mchuzi, sehemu moja ya soya, moja ya mirin (kileo kitamu cha mchele cha kupikia), moja ya sake (pombe ya mchele), na sukari kwa kuonja, kisha wanapika vyote humo. Upande wa Osaka na Kyoto wanapaka sufuria shahamu ya ng'ombe, wanakaanga nyama kwanza, wanainyunyizia sukari na soya papo hapo, na kipande cha kwanza kinaliwa kabla mboga hazijaingia. Kwa maoni yangu njia ya pili ina utamu zaidi, ila inataka msimamizi makini, kwa sababu sukari inaungua haraka. Nyama inachovywa kwenye yai bichi lililopigwa. Mayai ya Japani husafishwa na kupigwa tarehe kwa hesabu ya kuliwa mabichi. Ukiwa kwingine ambako mayai hayauzwi kwa ajili hiyo, acha yai. Hatari ya salmonela si ya kuchezea.

Nyama choma ya mezani, yakiniku, Waafrika Mashariki tunaielewa bila kufundishwa, lakini ina utaratibu tofauti na wa kwetu. Nyama ni vipande vya kuuma mara moja, vinaiva kwa dakika moja au mbili, na mpangilio wa kuagiza ndio unaoamua jioni yenu. Anzeni na vya chumvi: ulimi wa ng'ombe uliokatwa mwembamba, unaliwa kwa ndimu. Kisha misuli isiyo na mafuta mengi. Mbavu zenye mafuta, karubi, na vile vilivyolowekwa kwenye mchuzi vifuate baadaye. Sababu ni chanja: mchuzi una sukari, unaganda na kuwa mweusi, na ulimi ukija baadaye unakula masizi. Chanja ikichafuka, omba ibadilishwe. Hakuna anayekununia, na sehemu nyingi hawatozi.

Ulimi mwembamba choma zaidi upande mmoja. Jasho la mafuta likitokeza juu, geuza, hesabu chache, ondoa. Harami, ambayo ni nyama ya kiwambo, inaonekana kama steki lakini kwenye menyu iko pamoja na viungo vya ndani, ndiyo maana bei yake mara nyingi ni nafuu kuliko ladha yake. Matumbo yawekwe upande wa ngozi kwanza, yapate karibu robo tatu ya muda wote hapo, na upande wa mafuta uguswe moto kidogo tu. Ukianza na mafuta yanayeyuka yote na kuwasha moto chini. Na moto utawaka, hasa kwa nyama ya wagyu, ng'ombe wa Kijapani wenye mafuta mengi. Usimwage maji kwenye mkaa, majivu yatapaa juu ya nyama zenu. Weka kipande cha barafu juu ya chanja mahali penye ndimi za moto, sogeza nyama pembeni, subiri.

Koleo la kushikia nyama mbichi lisiguse iliyoiva, na vijiti vyako visiguse mbichi. Mwaka 2011 watu walikufa Japani kwa bakteria wa nyama mbichi iliyouzwa kwenye mgahawa wa yakiniku, na kuanzia Julai 2012 ikapigwa marufuku kuuza maini mabichi ya ng'ombe. Mgahawa unaweza kufuata sheria zote, na bado mkachafuliana wenyewe kwa vijiti.

Kuhusu vijiti kwenye meza ya pamoja kuna mawili ya kushika. Usimpe mwenzako kipande kutoka vijiti vyako kwenda vijiti vyake, kwa sababu hivyo ndivyo ndugu wa marehemu wanavyopokezana mifupa baada ya maiti kuchomwa; weka kwenye sahani yake. Na usisimike vijiti kwenye wali, ni sadaka ya msibani.

Wasomaji Waislamu wananiuliza mara nyingi ni meza ipi iliyo salama, na jibu la kweli ni kwamba bamba la okonomiyaki ndilo gumu kuliko yote. Hata ukiagiza ya kamba, chuma kile kile kimepikiwa nguruwe, na baadhi ya maduka wanapaka mafuta yake. Mchuzi wa sukiyaki una mirin na sake. Mirin halisi ina pombe asilimia 14 hivi. Soya nayo hupata pombe kidogo katika kuchachuka kwake, hapo kila mtu na mwanachuoni wake. Kilicho rahisi ni chungu cha maji na kombu peke yake, chenye samaki au dagaa wa baharini; nyama inabaki na swali la uchinjaji. Migahawa ya yakiniku ya halali ipo Tokyo na Osaka, weka nafasi mapema. Kwingineko ukisema "buta niku nashi de onegai shimasu" unaomba wasitie nguruwe, lakini ombi hilo haligusi mafuta wala supu, kwa hiyo uliza kimoja kimoja.

Mambo ya bili ni mepesi mkiyajua kabla. Kwenye izakaya, yaani baa za vyakula vidogo vidogo, mtaletewa kibakuli ambacho hamkuagiza, kwa kawaida yeni 300 hadi 500 kwa mtu. Hiyo ni ada ya kiti, si wizi. Mpango wa kula au kunywa bila kikomo huwa wa dakika 90 au 120, oda ya mwisho ni kama nusu saa kabla, na kwa kawaida meza nzima inatakiwa kuchukua mpango huo huo, hata yule asiyekula sana. Kodi ya kula ndani ni asilimia 10. Bakshishi haitolewi, ukiacha sarafu mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani kukurudishia. Analipa mtu mmoja pale mlangoni, mnagawana baadaye kwa usawa. Kama wapo wasiokunywa, msimamizi awapunguzie sehemu yao, hilo ni la uungwana. Na mwenye gari asinywe hata kidogo: sheria ya Japani inaweza kumwadhibu dereva, aliyempa pombe, na hata abiria aliyejua.

Nyumbani, cha kuanzia ni takoyaki, viduara vya unga vyenye pweza ndani, vilivyozaliwa Osaka miaka ya 1930. Japani hununua pweza wengi kutoka Mauritania na Moroko, na sisi wa pwani tunaye mlangoni. Changanya unga gramu 100, yai moja na dashi mililita 350 hadi 400. Uji uwe mwepesi kuliko unavyodhani. Pweza achemshwe kwanza alainike, apoe, akatwe vipande vya sentimita moja na nusu. Akitiwa mbichi anasinyaa na kutoa maji ndani ya kiduara, ndiyo maana kinabonyea. Kikaango chenye vishimo vya vitumbua kinafaa kabisa, mradi ukipake mafuta kwa wingi na kukijaza mpaka uji ufurike juu. Chini kukishika, baada ya dakika mbili hivi, zungusha kila kiduara robo kwa kijiti kikali, ukisukumia ndani ule uji uliofurika, kisha robo nyingine. Waachie wageni kazi hiyo, kila mtu na mstari wake.

Mkitumia jiko dogo la kopo la gesi mezani, sufuria au bamba lisizidi upana wa jiko hadi kulifunika kopo, na msiweke majiko mawili bega kwa bega ili kubeba bamba moja kubwa. Joto linarudi chini, kopo linapata moto, linalipuka. Mkaa uwe wa nje tu: gesi yake haina harufu, na chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi kinaweza kuua watu waliokaa kula.